Nyumba nimeipenda, mtaa siujui. Niulize nini kabla ya kulipa?

SWALI

Habari za kazi, mshauri.

Mimi na mume wangu ni wapangaji Sinza, na sasa tumepata nyumba ya kununua maeneo ya Tegeta, ndani kidogo kutoka Barabara ya Bagamoyo. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, ina uzio na kisima, na kiwanja ni mita za mraba 600. Bei ni shilingi milioni 110 na muuzaji anasema hati ipo. Fedha yetu ni akiba pamoja na mkopo wa SACCOS, kwa hiyo tukikosea hapa hatuna pa kuanzia tena.

Tulikwenda kuiona mwezi huu wa Septemba, mchana wa Jumatano, mtaa umetulia kabisa. Lakini kuna mambo mawili yananikosesha usingizi. Ukuta wa nje umepakwa rangi mpya chini tu, hadi usawa wa kiuno hivi, juu ni rangi ya zamani. Halafu nyuma ya nyumba, baada ya viwanja viwili, kuna korongo ambalo dalali anasema ni mtaro wa zamani, hauna maji. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu mafuriko alicheka, akasema, "Dar nzima inapata mvua, mama."

Dalali anataka milioni 5 za kushikia nyumba kabla ya Ijumaa, eti kuna mteja mwingine anatoka Mwanza. Naomba kujua: sheria inamlazimisha muuzaji aniambie matatizo ya mtaa? Kama haimlazimishi, mimi mnunuzi nina haki ya kujua nini, na nitakijuaje?

Mama Nuru, Dar es Salaam

JIBU

Mama Nuru, hizo milioni 5 zisitoke kwanza. Nianze na swali lako la sheria, maana jibu lake ndilo linaloamua utafanyaje mengine yote.

Tanzania haina fomu ya kisheria ambayo muuzaji wa nyumba analazimika kuijaza kueleza kasoro za mtaa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inasema kukaa kimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mazingira yenyewe yanamwekea mtu wajibu wa kusema. Kutamka uongo huku unajua ni uongo ni jambo jingine: huo ni udanganyifu, na kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Ila kifungu hichohicho kina sharti ambalo wanunuzi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari kwa wakili na fedha imeshakwenda. Kama ulichofichwa kilifichwa kwa ukimya, na wewe ungeweza kukigundua kwa uangalifu wa kawaida, mkataba unasimama. Wewe korongo umeliona na rangi umeiona. Baadaye ukidai hukujua, utaulizwa ulichukua hatua gani baada ya kuviona.

Uingereza, mnunuzi wa nyumba hupokea fomu iliyojazwa na muuzaji, yenye maswali kama nyumba imewahi kuingiliwa na maji na kama kuna ugomvi na majirani. Katika jimbo la California, Marekani, sheria inamtaka muuzaji aeleze kwa maandishi kama nyumba iko katika ukanda wa mafuriko, moto wa msituni au tetemeko. Kwetu pia ingepaswa kuwa hivyo, na nalisema hili kwa moyo wote: anayeuza amelala ndani ya nyumba hiyo masika kadhaa, anayenunua amesimama uani nusu saa. Mpaka sheria ibadilike, fomu hiyo itabidi uitengeneze mwenyewe. Andika maswali yako kwenye karatasi, muuzaji ajibu kwa maandishi na kusaini, na majibu yaingizwe kwenye mkataba. Alicheka ulipomuuliza kwa mdomo. Akiletewa karatasi atalazimika ama kujibu, ama kukataa mbele yako. Kukataa nako kutakuwa kumekuambia kitu.

Sasa twende kwenye ukuta. Rangi mpya ya chini peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Mvua hurusha tope ukutani, na watu hupaka upya kwa usafi tu. Vilevile unyevu unaopanda kutoka ardhini hubabua rangi kwenye nyumba ambazo msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji. Lakini unyevu wa kupanda na maji ya mafuriko haviachi alama moja. Unyevu huacha mawimbi, hapa umefika gotini, pale kwenye kifundo cha mguu, pamoja na unga mweupe wa chumvi unaosukuma rangi. Maji yaliyosimama huchora mstari ulionyooka, na mstari huo una kimo kilekile pande zote za nyumba, ndani na nje, kwa sababu maji hujisawazisha yenyewe.

Nenda na fundi mwenye mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha maji ndani. Muuzaji amepaka ukuta wake, hajapaka wa jirani. Tafuta alama ya tope kwenye uzio wa tofali usiopigwa plasta katika viwanja vya pembeni, au kwenye shina la mwembe, kisha fundi akihamishe kimo hicho kwa mpira hadi kwenye ukuta wa nyumba unayotaka. Ikiangukia pale pale rangi mpya inapoishia, jibu unalo.

Ndani ya nyumba fungua kabati la jikoni uangalie ubao wa nyuma, chini kabisa. Angalia fremu za milango kwa chini: zimevimba, au kipande kimekatwa na kuungwa kipya? Soketi zimehamishwa juu na chini kuna viraka vya plasta? Gonga plasta kwa kifundo cha kidole, penye kiraka sauti hubadilika. Nje, tazama kama uzio una matundu yaliyotobolewa usawa wa ardhi, maana hayo mtu huyatoboa ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea. Tazama kama mlangoni kuna kizingiti kilichoinuliwa, na kama nyuma ya choo cha nje pamerundikwa viroba vya mchanga. Kagua pia majirani wamefanyaje. Mtaa ambao kila mmoja amemwaga kifusi kuinua kiwanja chake unamaanisha maji yanahamishiwa kwa aliyebaki chini. Ukisimama barabarani ukaona nyumba yako ndiyo iliyo chini, huyo aliyebaki ni wewe.

Korongo nalo liendee kwa miguu. Usikubali neno la dalali kuwa halina maji, kwa sababu mikondo mingi ya Dar hukauka kiangazi na kufurika masika. Angalia kingo: zikiwa zimekatika wima, udongo mbichi, mizizi ya miti inaning'inia, korongo bado linapanuka. Angalia mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi na nyaya, upime kimo chake, maana ndiko maji yalikofika. Uliza kama kuna watu wanaochimba mchanga humo. Uchimbaji mchanga huangusha kingo haraka, na nyumba iliyokuwa mbali inajikuta imesogelewa. Kwenye kompyuta fungua Google Earth, bonyeza alama ya saa, na utaona picha za eneo hilo za miaka ya nyuma. Pima umbali kutoka ukingo hadi nyumba katika picha ya zamani na ya sasa.

Umbali huo una uzito wa kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Viwanja viwili vya kawaida ni takriban mita 40 hadi 60, kwa hiyo uko mpakani hasa. Je, hilo korongo kwenye kumbukumbu za serikali ni mto, kijito, au mtaro? Asijibu dalali. Wanaojibu ni ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Kinondoni pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, inayosimamia mito ya Dar. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za Mkwajuni, Kinondoni, zilibomolewa kwa kuwa bondeni. Wapo kati yao walionunua kwa mtu aliyewaambia hapana shida.

Majirani uwaulize vizuri. Ukiuliza, "Hapa panajaa maji?" utajibiwa "Hapana" na kila mwenye nyumba, kwa kuwa naye siku moja atauza na hataki bei ishuke. Uliza hivi: "Masika ya 2024 maji yalifika wapi? Zile mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 mlipitia njia ipi kwenda kazini?" Swali lenye mwaka humkumbusha mtu, na jibu lake huwa na kimo na mahali. Waulize wapangaji kabla ya wenye nyumba, wao hawana cha kulinda. Muulize mama wa genge, bodaboda wa kijiweni, fundi baiskeli. Watu watatu wasiojuana wakikutajia nyumba ileile ambayo watoto walitolewa dirishani, hata kama si hiyo unayoinunua, hesabu tofauti ya kimo cha ardhi kati ya hizo mbili.

Kuna jambo hujaliuliza nalo ni zito sawa na mafuriko: maji taka. Chukua kamba, funga jiwe, ishushe kisimani hadi iguse maji, kisha pima. Mwezi wa Septemba kiangazi kimekaribia mwisho, maji ya ardhini yako chini kabisa. Ukiyakuta mita mbili tu kutoka juu, wakati wa masika shimo la choo litajaa maji ya ardhini, utalipia gari la kunyonya leo na wiki ijayo limejaa tena. Katika mitaa ya namna hiyo wapo wanaosubiri mvua kubwa watapishe vyoo vyao barabarani, na kwa kuwa maji hushuka, yatapita kwa walio chini. Uliza wazi: "Nani anatapisha hapa?" Omba mfuniko wa shimo ufunguliwe mbele yako, uulize lilinyonywa lini. Halafu hakikisha gari la maji taka linafika. Kama lori la mchanga haliwezi kukata kona ya mtaa, na hilo jingine halitaweza.

Kuhusu kisima chenyewe, kiwanja cha mita 600 ni kama mita 20 kwa 30. Wataalamu hupendekeza kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo, nawe huwezi kuzipata hizo ukihesabu na mashimo ya majirani wanne. Chukulia maji hayo ni ya kufulia na kumwagilia, na uonje kama yana chumvi. Ya kunywa na kupikia ni ya DAWASA. Omba kuona bili za miezi ya karibuni za nyumba hiyo na za jirani mmoja. Bili yenye uniti sifuri miezi mitatu mfululizo, katika nyumba inayokaliwa, ina maana bomba lipo lakini maji hayatoki.

Sasa karatasi. Haki uliyo nayo bila kubembeleza mtu ni hii: daftari la hati liko wazi kwa yeyote anayelipa ada ya upekuzi. Chukua nakala ya hati, uandike namba ya hati, kitalu na namba ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwenye Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Jibu litakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama mtu ameliweka. Usiridhike na upekuzi aliokuletea muuzaji, fanya wako.

Upekuzi lakini unakuambia habari za kiwanja tu. Habari za mtaa ziko kwenye ramani ya mipango miji, ambayo unaiona manispaa. Muulize ofisa mambo manne: viwanja vinavyokuzunguka vimepangiwa matumizi gani, eneo la wazi liko wapi, barabara zimetengewa upana gani, na njia unayopita kufika nyumbani ni barabara kwenye ramani au ni hisani ya mtu ambaye hajajenga. Hili la mwisho huwaumiza watu sana. Unanunua, unahamia, mwaka wa pili mwenye kiwanja anajenga uzio na gari lako halitoki tena. Kama ofisi inakuzungusha, andika barua ya maombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu raia. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mpima ardhi aliyesajiliwa akafufue mipaka kwa kutumia ramani ya upimaji. Mawe ya mipaka yana namba, na namba hizo lazima zilingane na za ramani. Huko huko upande wa Boko, eneo la Chasimba, nyumba nyingi zilijengwa ndani ya ardhi yenye hati ya kiwanda, na mgogoro ukaenda mahakamani kwa miaka. Kwa hiyo muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama mtaa mzima una kesi ya ardhi, mbali na nyumba yako.

Hifadhi ya barabara usiipuuze kwa kuwa uko "ndani kidogo". Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na kuna sehemu ni zaidi: Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5 kila upande wakati wa bomoabomoa ya 2017. Barabara ya Bagamoyo nayo ina ujenzi wa mwendokasi unaokwenda Tegeta. Tembea mtaa mzima ukitafuta alama za X za kubomolewa kwenye kuta, na X iliyofunikwa kwa rangi hujitokeza ukiitazama kwa pembeni jua likiwa chini, asubuhi au jioni.

Kelele utazijua kwa kwenda, hakuna karatasi inayozionyesha. Nenda Jumamosi saa 4 usiku, nenda Jumapili asubuhi, nenda siku ya kazi saa 11 alfajiri ukaone foleni ya kutoka. Sikiliza baa, ukumbi wa sherehe, spika za nyumba za ibada, mashine ya kusaga, karakana ya kuchomea vyuma. Nusa mabanda ya kuku. Kwa usalama, muulize mtendaji wa mtaa kama ulinzi shirikishi upo, kila nyumba inachanga kiasi gani, na wezi huingilia upande upi.

Si kila utakachokikuta ni cha kukukimbiza. Baa na vumbi ni vya kupunguzia bei. Mstari wa maji ndani ya nyumba, mita 60 za mto, hifadhi ya barabara na kesi ya umiliki ni vya kuondokea, hata akikushushia milioni 30, kwa sababu mkopo wa SACCOS utaendelea kukatwa hata nyumba isipokuwepo.

Ukivuka yote hayo, wakili aandike kwenye mkataba kifungu cha namna hii: "Muuzaji anathibitisha kuwa tangu aimiliki nyumba hii haijawahi kuingiwa na maji ya mvua au mafuriko, kuwa hajapokea notisi yoyote ya kubomoa, kuhama au kusitisha ujenzi, kuwa hakuna mgogoro wa mpaka au njia na jirani yeyote, na kuwa iwapo lolote kati ya haya litabainika si kweli, atarejesha fedha yote ya mnunuzi pamoja na gharama." Ambatisha karatasi ya maswali yenye saini yake. Kama ana mke au mume, naye asaini ridhaa. Bakiza asilimia 10 ya bei, ilipwe hati ikishatoka kwa jina lenu.

Na Ijumaa? Mwambie dalali mko tayari kuweka kiasi kidogo, kama milioni moja, kwa wakili na kwa maandishi, inayorudi yote ikiwa upekuzi, ramani ya manispaa au mpima ataonyesha kasoro. Mkabidhi na ile karatasi ya maswali ampelekee muuzaji. Oktoba vuli inaanza. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaeni buti na mume wako mkasimame kwenye hilo korongo kabla hamjasaini.